Gari Linalokula Maji: Vitenzi vya Gereji Moja ya Siakago

Gari likipungukiwa na maji, mafundi wa Siakago wana vitenzi kadhaa vya kulieleza jambo hilo. Gari huvuja. Hutema. Hula. Na oili, kwa upande wake, hunywa. Kwa sikio la mpita njia, hizi ni njia mbalimbali tu za kulalamikia jambo moja: rejeta ilijazwa asubuhi, na jioni haina kitu. Kwa fundi aliyekomaa, kila kitenzi ni maradhi mbali na dawa yake ni mbali. Insha hii inahusu siku tatu za Februari 2024, ambapo tofauti kati ya kitenzi kimoja na kingine ndiyo iliyoamua kama mama mmoja mfanyabiashara angebaki na gari lake au angeliuza kama chuma chakavu.

Kwanza nieleze kilichonipeleka gereji. Nilikuwa nikikusanya istilahi za ufundi wa magari kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Dodoso langu lilikuwa na safu tatu: jina la kifaa kwa Kiingereza, jina linalotumiwa na mafundi, na jina linalopendekezwa na kamusi. Msomaji aliyewahi kufanya utafiti wa aina hii anayajua matokeo kabla sijayataja. Mafundi walinipa rejeta, gasketi, pampu, hosi, themostati, feni, silinda, pistoni, sampu na chesisi. Safu ya pili ikawa mwangwi wa safu ya kwanza. Mtu angeweza kuhitimisha, kama walivyohitimisha wengi, kwamba Kiswahili hakina lugha ya ufundi iliyo yake, kwamba kimeazima kila kitu hadi parafujo. Na parafujo lenyewe tulilipata kwa Wareno.

Lakini dodoso hilo, kama madodoso mengi ya istilahi, halikuwa na safu ya vitenzi. Mijadala yetu ya istilahi aghalabu imekuwa mijadala ya nomino. Tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Tuseme rununu, simu tamba au simu ya mkononi? Tumejadili majina ya vitu hadi jasho likatutoka, na hatukuuliza vitu hivyo hufanya nini vinapoharibika, wala mwenye navyo husema nini anapomwendea anayeweza kuvitengeneza. Nathubutu kusema kwamba lugha ya ufundi hukaa hapo hasa, na ushahidi wangu ni gari la mama huyu.

Kwa asiyeijua, Siakago ni mji mdogo wa Mbeere, upande wa chini wa Kaunti ya Embu, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ndio uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere ilipomegwa kutoka Embu mwaka 1996. Hii si Embu ya majani chai na baridi ya asubuhi iliyo chini ya Mlima Kenya. Hii ni Embu ya ndengu, mtama, maembe, mawe, jua, na muguka. Si mbali na mji kimesimama kilima cha Kiang'ombe, chenye kimo cha mita 1,800 hivi, na njia za huko ni za changarawe, makorongo ya mchanga na miinuko ambayo gari dogo huitazama kutoka mbali na kugeuka. Muguka nao hausubiri. Jani lililochumwa leo lazima lifike sokoni likiwa bado bichi. Likinyauka, mnunuzi huligeuzia uso. Mwezi wa Februari, mvua ndefu zikiwa bado hazijaanza, majani huwa haba na bei yake huwa nzuri, na kwa hiyo gari lisiloenda mwezi huo humtia mwenyewe hasara kuliko gari lisiloenda mwezi wa Mei. (Mei ya mwaka uo huo ilileta balaa jingine, pale kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku muguka na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Embu. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover ya Series III, ya ule urefu unaoitwa 109 kwa sababu ya inchi zilizo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Aina hiyo iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985, na baadhi ya zilizouzwa Kenya ziliunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya wakati ule. Injini yake ya asili ilikuwa ya petroli, ya sentimita za ujazo 2,286. Haikuwamo tena. Mahali pake pamewekwa Isuzu ya dizeli ya lita 2.5, iliyotolewa katika pikapu. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika sehemu zetu, na yana busara yake: mwili wa Land Rover huvumilia mawe, na dizeli ya Kijapani hula mafuta kidogo, tena vipuri vyake hupatikana Embu mjini bila safari ya Nairobi. Springi nazo zilikuwa zimeongezwa ili gari liinuke zaidi juu ya ardhi. Moyo mpya ulitiwa katika kifua cha zamani, na kifua hakikuulizwa.

Mwenye gari alikuwa mjane. Gari aliachiwa na marehemu mumewe, naye alilikodishia dereva, likawa likiteremsha muguka na abiria kutoka vitongoji vya chini ya Kiang'ombe. Kwa muda wa mwaka mmoja alikuwa amebadilishiwa gasketi ya hedi mara mbili, katika gereji nyingine ambayo sitaitaja. Kila mara hedi iling'olewa, ikapelekwa kusawazishwa uso kwa mashine, ikarudishwa. Kila mara gari lilienda vizuri siku chache, kisha likarudia hali yake. Sasa aliambiwa kwamba gasketi imeungua kwa mara ya tatu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshataja bei. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa haijakamilika, na yeye mwenyewe alisema, bila kupandisha sauti, kwamba gasketi ya tatu hatainunua.

"Fundi, hii gari inakula maji," alisema alipofika. Nayaacha maneno yake kama alivyoyatamka. Upatanisho wa kisarufi haukuwa shida yake kubwa asubuhi ile.

Fundi wetu ni mzee wa makamo, mpole wa maneno. Alijifutia mikono kwenye kitambaa kisha akamuuliza, "Mama, umeiona ikila, ama umeona tu sahani imebaki tupu?"

Wanagenzi walicheka, mama hakucheka, nami nikaandika swali hilo nyuma ya dodoso kwa kuwa halikuwa na safu. Baadaye nilielewa kwamba uchunguzi ulikuwa umekwisha kuanza. Katika gereji ile, gari *linalovuja* ni lile ambalo maji yake hutoka nje mahali panapoonekana: hosi iliyopasuka, pampu iliyochakaa, rejeta iliyotoboka. Gari *linalotema* ni lile ambalo maji husukumwa nje kwa nguvu kupitia kifuniko cha rejeta. Gari *linalokula* ni lile ambalo maji huingia ndani ya silinda, yakaungua pamoja na mafuta na kutoka kama moshi mweupe kwenye ekzosi. Na pale maji yanapopenya hadi kwenye sampu, husemwa kwamba *oili imekunywa maji*. Kwa hiyo mtu akisema gari lake linakula maji, kwa lugha ya gereji ameshatoa hukumu: gasketi imeungua, au hedi imepasuka. Mama huyu hakukusudia hukumu hiyo. Alikusudia kusema tu kwamba maji hayapo na hajui yalikokwenda. Lakini kitenzi chake kilipokewa na fundi wa kwanza kama kilivyo, na hedi iking'olewa kwa sababu ya kitenzi hulipiwa vilevile.

Fundi alitaka maelezo bila jina la ugonjwa. Dereva akayatoa. Kwenye lami ya kwenda Embu, gari halina shida hata likiwa limejaa. Shida huja kwenye mwinuko, katika gia nzito, mwendo ukiwa wa mtu anayetembea. Mshale wa joto hutulia kana kwamba hakuna kitu, kisha ghafla huruka hadi kwenye nyekundu. Wakisimama na kusubiri hadi injini ipoe, rejeta humeza maji mengi, na safari huendelea. Chini ya gari lililolala uani usiku kucha, hapaonekani hata tone.

Hapo nitakaa kidogo, kwa maana mantiki ya mzee huyu inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Alianza na yale yasiyogharimu kitu. Injini ikiwa baridi, alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyokunywa maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, kama oili ya dizeli inavyopaswa kuwa. Akafungua kifuniko cha kujazia oili na kutazama upande wake wa ndani: hapakuwa na utelezi mweupe. Akaamuru injini iwashwe na kusimama nyuma ya ekzosi. Moshi mweupe wa muda mfupi asubuhi si hoja. Hoja ni moshi mweupe usiokoma, wenye unyevu. Haukuwapo. Mpaka hapo kitenzi *kula* kilikuwa hakijapata shahidi, ingawa hakikuwa kimeachiwa huru.

Kisha akashika kifuniko cha rejeta. Watu wengi hudhani hicho ni kizibo tu, na likipotea huziba kwa kitambaa. Sivyo. Kwa kimo cha Siakago maji ya sufuria huchemka yakifika digrii 96 hivi, si 100 kama pwani. Injini yenye afya hufanya kazi katika digrii 80 na zaidi, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni finyu. Kifuniko chenye springi huyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Kile kilichoandikwa 0.9, kama hiki, huongeza karibu digrii 20 kabla maji hayajageuka mvuke. Springi ikilegea au mpira ukichanika, digrii hizo hupotea zote. Fundi alikibadilisha, akasema hiyo ni tahadhari na wala si tiba.

Kipimo kilichofuata kilinifurahisha kuliko vyote. Katika gereji za mijini kuna pampu maalumu ya kujaza shinikizo ndani ya rejeta. Siakago hakuna, au angalau gereji hii haikuwa nayo. Mzee alikuwa na kifuniko kikuukuu alichokitoboa katikati na kukitia valvu ya tyubu ya baiskeli. Alikifunga kwenye rejeta iliyojazwa maji, akatia upepo kwa pampu ya baiskeli, akapima kwa geji ya magurudumu hadi kadiri inayolingana na ile 0.9, kisha akaketi. Kama kungekuwa na tundu popote, ndani au nje, upepo ungepungua. Alikunywa chai. Baada ya robo saa akapima tena: haukuwa umepungua kitu cha kutajwa. *Kuvuja* kukafutwa. Na *kula* kukapungukiwa na nguvu, ingawa kuna gasketi ambazo hushikilia zikiwa baridi na kuachia zikipata moto.

Asubuhi ya pili akaja kwenye kipimo cha mapovu. Injini ikiwa baridi kabisa, rejeta hujazwa hadi shingoni na kuachwa wazi, kisha injini huwashwa. Gasketi iliyoungua hupitisha gesi ya mlipuko wa silinda kuingia katika maji, na gesi hiyo huonekana shingoni kama mapovu. Wote tukainama. Mapovu yakatoka. Yalikuwa makubwa, mengi, yenye mlio wa mtungi unaojazwa kisimani. Mmoja wa wanagenzi akasema, "Gasketi, Mzee. Si unaona?" Mama alikuwapo, naye aliyaona mapovu, na sina haja ya kueleza uso wake ulivyokuwa.

Mzee hakujibu. Alimwambia dereva akanyage mafuta kidogo, akaendelea kutazama. Baada ya dakika moja hivi mapovu yalipungua, yakawa moja moja, yakakoma. Maji shingoni yalikuwa yameshuka, akaongeza. Akainusa shingo ya rejeta: hapakuwa na harufu ya moshi wa dizeli. "Gesi ya silinda haina mwisho," alisema. "Injini ikipiga, inakuja, ukikanyaga, inazidi. Hii imekwisha. Hii ni hewa ilikuwa imejificha mahali."

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kila wingu lina mvua, na fundi mbaya ni yule anayefungua mwavuli kila akiona kivuli. Mapovu ni mapovu. Tofauti iko katika *kukoma* na *kutokoma*, yaani katika jambo ambalo nomino haiwezi kulieleza.

Alasiri hiyo gari lilipelekwa mwinukoni likiwa na shehena ya magunia ya mchanga, nami nikiwa nyuma. Kabla ya kuondoka, fundi alifanya jambo ambalo mtoto angeweza kulifanya na ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa mwaka mzima. Rejeta ina kijipira chembamba shingoni, ambacho hupitisha maji yaliyozidi. Katika gari hili kijipira hicho kiliteremka hadi karibu na chesisi na kumwaga chini. Chupa ya kuyapokea maji hayo na kuyarudisha haikuwekwa injini ilipobadilishwa. Mzee alikifunga kijipira kwenye mtungi wa lita 5. Tulipanda. Mshale ulitulia, kisha ukaruka, kama dereva alivyosema. Tuliposimama, mtungi ulikuwa umejaa maji ya moto yenye rangi ya kutu, na mengine yalikuwa yakifurika.

Gari lilikuwa likitema. Lilikuwa likitema barabarani, likiwa katika mwendo, vumbini, mahali ambapo maji hukauka kabla dereva hajashuka. Ndiyo maana uani hapakuonekana tone. Mama alipoonyeshwa mtungi alikaa kimya, kisha akauliza swali la mtu aliyekwisha kulipa mara mbili: "Kwa hivyo zile gasketi mbili zilikuwa za nini?" Fundi alisema kwamba hedi ikifunguliwa na kufungwa, maji hujazwa upya kwa uangalifu, hewa hutoka, na gari huenda vizuri siku chache. Hakuongeza neno juu ya fundi mwenzake, na ilionekana kwamba ni adabu ya kazi.

Kitenzi kilikuwa kimepatikana, lakini kitenzi pekee si sababu. Gari hutema kwa kuwa limechemka, na limechemka kwa kuwa kuna jambo. Siku ya tatu mzee alileta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao waashi huujaza maji ili kupata usawa wa msingi wa nyumba. Aliushikilia ncha moja kwenye shingo ya rejeta na nyingine mahali pa juu kabisa ambapo maji ya injini hupita, penye nyumba ya themostati. Mahali hapo palizidi shingo ya rejeta kwa vidole vitatu.

Vidole vitatu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikila karo. Injini ya Isuzu ilipotiwa, sampu yake iligusana na ekseli ya mbele, kwa hiyo waliofanya kazi hiyo waliiinua injini na kuirudisha nyuma kidogo. Rejeta ya asili iliondolewa, ikatiwa fupi, ikaning'inizwa chini ili boneti ifungike. Kuanzia siku hiyo, mtu angeweza kujaza rejeta hadi ikafurika na bado sehemu ya juu ya hedi ikabaki na hewa, kwa kuwa maji hayapandi juu ya usawa wake kwa kuombwa. Hewa haipozi chuma kama maji yanavyopoza. Hapo juu, panapohitaji maji kuliko pengine pote, palikuwa na mfuko wa hewa. Chuma kikapata moto, maji yaliyo jirani yakageuka mvuke, na mvuke ukayasukuma yaliyobaki hadi kwenye kijipira. Na kihisi cha mshale kilikuwa kimefungwa papo hapo kwenye mfuko wa hewa. Kihisi kimeundwa kupima maji. Kikizungukwa na hewa hubaki kikisema salama salama, hadi mvuke wenyewe umfikie. Hilo ndilo lililoeleza kutulia kwa mshale na kuruka kwake.

Palikuwa pia na feni. Kwa kuwa injini ilirudishwa nyuma, kati ya feni na rejeta palibaki nafasi ya zaidi ya shibiri, bila kava ya kuuongoza upepo. Feni ilikuwa ikizungusha hewa ya moto ya injini yenyewe badala ya kuvuta hewa baridi kupitia rejeta. Kwenye lami, mwendo wa gari huleta upepo wa kutosha na feni haihitajiki sana. Kwenye mwinuko wa Kiang'ombe, katika gia nzito, feni ndiyo peke yake.

Tulikuta pia kwamba themostati ilikuwa imeondolewa. Hili ni jambo ambalo ningependa lisomwe na kila mwenye gari. Imani imeenea kwamba themostati ni kifaa cha nchi za baridi, na kwamba katika Afrika kazi yake ni kuleta joto. Mzee hakubaliani, nami baada ya kumsikiliza naona ana haki. Themostati huiruhusu injini ifikie joto lake la kazi upesi na kuishikilia hapo, na katika injini nyingi inapofunguka huziba njia ya mkato ambayo maji yangepitia bila kufika kwenye rejeta. Kuiondoa ni kuacha njia hiyo wazi daima.

Kuhusu tiba nitakuwa mfupi. Rejeta haikuweza kuinuliwa. Badala yake mzee alifunga tangi dogo la plastiki, la gari lililokufa, juu kabisa ya ukuta ulio mbele ya dereva, mahali palipozidi hedi kwa kiganja. Kifuniko chenye shinikizo kikawa cha tangi hilo, na shingo ya rejeta ikazibwa kabisa. Kijipira chembamba kilitoka juu ya nyumba ya themostati hadi kwenye tangi ili hewa ipate pa kutokea, na kingine kikubwa zaidi kilirudisha maji chini kuelekea pampu. Fundi wa mabati wa mtaani alikunja kava ya feni. Themostati mpya ilirudishwa, na maji ya kisima yalibadilishwa kwa kulanti ya kijani iliyochanganywa na maji safi, kwa sababu kutu tuliyoiona mtungini ilikuwa imeshaanza kula rejeta. Wakati wa kujaza, gari liliegeshwa likitazama mlimani. Nilipouliza alikojifunza habari za tangi la juu, alisema ujanani alikuwa msaidizi katika timu moja ya Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia ua wa kuhifadhi Aberdare. Magari ya huko, alisema, yamebadilishwa kila kitu, na yote hutambaa kwenye mawe juani kutwa nzima. Asiyejua maji yake yanapita wapi hafiki mbali.

Gharama yote haikufika nusu ya ile ya kung'oa hedi. Jioni ya siku ya tatu gari lilipanda Kiang'ombe likiwa na mchanga ule ule. Mshale ulipanda polepole hadi kupita katikati kidogo, ukakaa hapo ukitikisika, na ukashuka tulipoanza kuteremka. Asubuhi iliyofuata maji ya tangi yalikuwa yamepungua kidole kimoja, hewa ya mwisho ikiwa imetoka. Baada ya hapo hayakupungua tena.

Nami nilichora safu ya nne katika dodoso. Katika wiki zilizofuata iliingia injini *inayokohoa*, breki *inayolia*, klachi *inayoteleza*, pampu ya dizeli *iliyochoka*, pistoni *inayogonga*, turbo *inayopiga miluzi*, tangi *lisilopumua*. Kati ya nomino nilizokusanya, nyingi sana ni za kuazima. Kati ya vitenzi, karibu vyote ni vyetu, na vingi vimetolewa katika mwili wa binadamu, kana kwamba fundi ni mganga na gari ni mgonjwa asiyeweza kujieleza. Hata viambishi vya unyambulishaji vina kazi. Injini *imechemka* ni taarifa. Dereva *ameichemsha* ni mashtaka, na mafundi huchagua kati ya hizo mbili kwa uangalifu mkubwa mwenye gari na dereva wakiwa wamesimama pamoja. Vijana wanaposema mtu "amechemsha" kwa maana ya kushindwa, sina hakika kama lahaja hiyo ya mtaani ilianzia jikoni. Huenda ilianzia mwinukoni, boneti ikiwa wazi.

Msimamizi wangu aliponiuliza kama vitenzi hivi ni istilahi au ni sitiari tu, nilimjibu kwa kumsimulia habari ya mtungi wa lita 5. Istilahi, kama tunavyofundishwa, ni neno linalobeba dhana moja mahususi kwa wenye taaluma. *Kutema* na *kula* katika gereji ile hubeba dhana zilizo mahususi kiasi kwamba kuzichanganya humfungulia mtu hedi isiyo na kosa. Hakunikubalia moja kwa moja. Alitaka data zaidi, kutoka gereji za Runyenjes, Chuka na Meru, na huko ndiko nilikokwenda mwezi wa Machi.

Nilipopita tena Siakago njiani kurudi, mama alikuwa gereji na gari lake. Aliteremka, akamwamkia mzee, na kusema, "Fundi, leo inavuja." Mzee hakuinuka kitini. Alimtuma mwanagenzi na bisibisi, naye akakaza kibanio cha hosi ya chini, zamu mbili, akarudi kumalizia chai yake.